Hilo Si la Leo

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya walimu wa Masomo ya Jamii, maafisa wa wadi na viongozi wa wanafunzi katika ukumbi mmoja wa Kaunti ya Kilifi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimeondoa makofi na mahali nilipokohoa.)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, maafisa wa kaunti na wa serikali kuu, machifu wetu, wazazi, na nyinyi viongozi wa wanafunzi mlioketi nyuma kabisa kana kwamba mmeitwa kuadhibiwa: hamjambo. Wale wa salamu nyingine nao nawasalimu kwa salamu zao.

Barua ya mwaliko imenitaka nieleze juhudi za serikali za kuimarisha elimu ya uraia shuleni na nje ya shule, kwa dakika ishirini. Nimefundisha Historia na Serikali katika shule za sekondari kwa miaka 36, na mwalimu aliyestaafu ukimpa dakika ishirini umemtukana. Lakini nitajitahidi.

Nitaanza na mama mmoja muuza samaki.

Tulikuwa kwenye kikao cha kuwashirikisha wananchi katika bajeti ya kaunti moja ya hapa Pwani. Tangazo lilikuwa limetoka gazetini siku ya Alhamisi, kwa Kiingereza. Kikao kilikuwa Jumanne ya pili yake, saa nne asubuhi, saa ambayo mvuvi ndiyo kwanza anashusha samaki na mke wake yuko mbele ya karai la mafuta. Hata hivyo watu kama themanini walikuja. Kitabu cha makadirio kilikuwa na kurasa zaidi ya mia mbili, na nakala zilizoletwa ni tatu. Moja alikuwa nayo afisa aliyeongoza kikao, ya pili karani wa mwakilishi wadi, na ya tatu ilizunguka ukumbini mpaka ikamfikia mzee mmoja, naye akajipepea nayo hadi mwisho. Simlaumu. Joto lilikuwa kali, na ndiye mtu pekee siku ile aliyekitumia kile kitabu kwa faida.

Ulipofika wakati wa maswali, mama yule akasimama. Akasema: "Paa la chekechea yetu liling'olewa na upepo tangu kusi ya mwaka jana. Watoto wanasomea chini ya mwembe. Nataka kujua tu, pesa za mabati zimo humo kitabuni au hazimo?"

Afisa akamjibu kwa upole: "Mama, hilo si la leo. Mambo ya shule mpelekee mbunge."

Mama akaketi. Tukaandika majina, tukapewa soda na nauli, tukaenda zetu.

Sasa nyinyi walimu mmeshajua kosa liko wapi. Jedwali la Nne la Katiba limeigawa kazi ya elimu wazi kabisa. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni za serikali ya kitaifa. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Mbunge hana paa la chekechea mkononi mwake. Mama alikuja mlango uliokuwa wake, akaelekezwa mlango wa jirani.

Na mimi nilikuwepo. Nililifundisha Jedwali la Nne tangu mwaka ambao Katiba ilizinduliwa mpaka nilipostaafu, na siku ile nilikaa kimya kama maji ya mtungini. Mnajua kwa nini? Kwa sababu yule afisa alikuwa mwanafunzi wangu. Alipata A katika somo langu. Ukimwamsha usiku wa manane leo hii ukamwambia ataje kazi tano za serikali ya kaunti, atakutajia saba. Nilimtazama pale mbele na suti yake, nikajiuliza: huyu nilimfundisha nini?

Hilo ndilo swali langu la leo, na juhudi za serikali nitazipima kwalo.

Tulio na mvi tunakumbuka elimu ya uraia ilivyokuwa. Asubuhi bendera inapanda, wimbo wa taifa unaimbwa, halafu mkono kifuani tunakula kiapo cha utiifu. Kiapo kile kilianza kwa Rais, taifa likafuata nyuma yake, na mwisho kikafika kwenye Nyayo, ile falsafa ya Rais Moi ya amani, upendo na umoja. Mimi mwenyewe nikiwa mwalimu kijana nilisimama kwenye mstari wa gwaride nikihakikisha midomo ya watoto inacheza. Mwaka 1985 ulipoanza mfumo wa 8-4-4, uraia ukawekwa ndani ya somo moja na jografia na historia, tuliliita GHC. Sekondari ikawa Historia na Serikali, lile somo lenye nambari 311 ambalo baadhi yenu bado mnalisahihisha mkilalamikia malipo.

Sitalidharau somo lile. Limenilisha. Lakini tazameni maswali yake: taja mambo matano, eleza sababu sita. Swali linalopenda kurudi kuliko yote ni hatua ambazo mswada hupitia bungeni mpaka uwe sheria. Kusomwa mara ya kwanza, mara ya pili, kamati, ripoti, mara ya tatu, idhini ya Rais. Nimewaimbisha vijana hatua hizo kama jedwali la kuzidisha, tena kwa Kiingereza, mtoto ambaye nyumbani anasema Kigiriama na sokoni Kiswahili. Na kwa miaka yote ile hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyenyoosha mkono akaniuliza: Mwalimu, mimi ninaingilia hatua ya ngapi?

Nitalirudia jambo hilo. Kwanza niseme ya sheria, maana maafisa wamekaa vizuri na wanasubiri kusifiwa.

Sifa wanayo. Kwa upande wa karatasi, Kenya imeipa elimu ya uraia nafasi ambayo nchi nyingi hazijaipa. Katiba ya 2010 inaanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 10 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Rais anatakiwa kila mwaka alieleze Bunge jinsi maadili hayo yalivyotekelezwa. Ibara ya 35 inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kisha Bunge likatunga Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, na humo likatenga sehemu nzima, vifungu vya 98 hadi 101, kwa elimu ya uraia peke yake. Kila kaunti iwe na mpango wa elimu hiyo. Kila kaunti iwe na kitengo chake cha kuisimamia. Sheria haikusema ikipenda.

Mahakama nazo zimetia mkono. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, akasema bunge la kaunti lina wajibu wa kuwafuata watu kule wanakokusanyika: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza, kwenye redio za taifa na za lugha za mama. Nampenda jaji huyu kwa neno moja tu, kuwafuata. Maana tangazo la gazeti la Kiingereza halimfuati mtu. Linamngoja.

Basi sheria ipo. Shida yetu ni msimu. Elimu ya uraia kwetu ni kama maembe. Ukifika wakati wake yamejaa kila kona mpaka yanaoza, ukipita huyaoni tena. Kabla ya uchaguzi wa 2002 kulikuwa na mpango wa kitaifa, fedha za wafadhili wa kigeni, watekelezaji mashirika ya kiraia na ya kidini. Wapo humu ndani waliovaa fulana zake. Ukaja mpango wa pili kuelekea uchaguzi wa 2007, huo ndio ulioitwa Uraia. Uchaguzi ukaisha kama mnavyojua, watu zaidi ya 1,100 wakauawa. Sisemi mafunzo ndiyo yaliyoshindwa. Watu hawakuchinjana kwa kukosa semina. Nasema ardhi, ukabila na kura ya maoni ya katiba ya 2005, ile ya chungwa na ndizi, vilikuwa vimefundisha miaka mingi kabla, kila siku, bila likizo, na sisi tukaja na chati na kalamu za rangi miezi kadhaa kabla ya kura.

Mwaka 2010 hali ilikuwa nyingine. Nakala za katiba iliyopendekezwa zilitapakaa. Niliziona kwenye vikapu vya akina mama, niliona kondakta wa matatu akibishana na abiria juu ya ibara ya ardhi huku akimpunja chenji. Tarehe 4 Agosti asilimia 67 wakasema ndiyo. Kisha kimya. Watu walioisoma rasimu wakaambiwa: asanteni, rudini mwaka 2013 mpige kura. Mwaka 2013 wakapewa karatasi sita za kura kwa mkupuo mmoja, rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, mwakilishi wadi, na mpaka leo nakwambia ukisimama stendi ya Kilifi ukauliza seneta anafanya nini, utapewa vicheko.

Na hao viongozi sita wamezidi kutuchanganya. Mbunge ana hazina ya eneobunge, inatoa basari. Mwakilishi wa wanawake ana hazina yake. Kaunti nayo inatoa basari, na barua ya basari hiyo mwakilishi wadi huigawa kwa mkono wake mbele ya kamera. Mzazi akishapata karo kutoka kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyeitoa mfukoni mwake, utamwambiaje kwamba kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kuichunguza serikali? Atakuona una wivu. Kila hundi kubwa ya ubao inayoinuliwa mbele ya wazazi ni kipindi cha uraia, na kina wanafunzi wengi kuliko changu.

Upande wa shule, mtaala wa umilisi una neno zuri. Uraia ni mmoja kati ya umilisi saba wa msingi, umewekwa sawa na mawasiliano na fikra tunduizi, na unatakiwa upenye masomo yote. Kundi la kwanza la mtaala huu liliingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, na huko huduma kwa jamii ni sehemu ya masomo ya lazima. Wazo ni la kupendeza: mtoto atoke darasani aone tatizo la mtaa wake, afanye jambo. Nimetembelea shule kadhaa tangu nistaafu kuona linavyofanywa. Mara nyingi nimewakuta watoto wanafagia soko. Kufagia ni kuzuri, mwanangu yeyote akifagia nampongeza. Lakini soko lina mtu anayelipwa kulifagia, na wauzaji wanatozwa ushuru kila siku kwa ajili hiyo hiyo. Somo la uraia lingekuwa kuuliza ushuru umekwenda wapi, kisha mtu afagie kama bado ana nguvu.

Mwalimu mmoja nilipomwambia hivyo alinijibu kwa ukweli: "Mzee, ufagio haumkasirishi mtu." Nilicheka, lakini alikuwa amenipa funguo ya jambo zima. Tunachagua sehemu za uraia zisizomkasirisha mtu. Bendera, nembo, wimbo, usafi, kupanda miti. Na serikali, ya taifa na ya kaunti, ndiyo inayotunga mtaala, ndiyo inayoajiri walimu, ndiyo inayotenga fedha za kitengo cha elimu ya uraia, na hiyo hiyo ndiyo mwananchi aliyeelimika atakwenda kuihoji. Ni kama mtahiniwa kumwachia atunge mtihani, ajisimamie na ajisahihishie. Hata akiwa mwaminifu vipi, maswali magumu atayasahau.

Viongozi wa wanafunzi, sasa ni zamu yenu, msisinzie. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti kwenye bodi ya shule. Ni wangapi kati yenu mmewahi kukikalia? … Nyosheni mikono juu, msiogope, walimu wakuu hawaangalii. … Wawili. Wawili kati ya, wacha nihesabu, kama arobaini.

Katika shule moja niliyowahi kufundisha, na sitaitaja hata mkinipa chai, tulifanya uchaguzi wa viongozi kwa mara ya kwanza badala ya kuteua viranja. Tulitengeneza visanduku, tukaweka mawakala, watoto wakafanya kampeni safi kushinda wazee wao. Akashinda msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyeahidi kuuliza kwa nini maharagwe yana vijidudu. Kesho yake orodha ikabandikwa ubaoni, jina lake halimo. Ofisi ilisema ana mdomo. Hakuna aliyepinga, mimi nikiwemo, tena nilikuwa msimamizi wa uchaguzi. Wiki ile nilikuwa na kipindi cha haki na wajibu wa raia. Nilifundisha. Wakaandika. Hakuna aliyenitazama usoni.

Ndiyo maana nikisikia shule imeanzisha klabu ya uraia, nauliza kwanza kama inachagua viongozi wake na kama matokeo huheshimiwa. Mengine baadaye.

Niliahidi kurudi kwenye hatua za mswada.

Juni 2024. Mnakumbuka Mswada wa Fedha ule: ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na mengineyo. Tarehe 20 Juni ulisomwa mara ya pili, wabunge 204 wakaukubali, 115 wakaukataa. Usiku wake simu yangu ikalia. Ni kijana niliyemfundisha miaka kama minane nyuma, mwanafunzi wa kawaida kabisa, C ya kati, aliyekuwa akilala kwenye kipindi changu cha baada ya chakula. Hakunisalimu vizuri. Akasema: "Mwalimu, imepita ya pili. Sasa kamati ya bunge zima inaweza kufuta kifungu kimoja kimoja au lazima wakatae wote? Na Rais akikataa kutia sahihi, inarudi wapi?"

Nilikaa kitandani. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu 1988.

Nikamwambia Ibara ya 115. Rais ana siku 14, anaweza kuidhinisha au kuurudisha Bungeni na maelezo yake. Akasema "sawa Mwalimu", akakata. Baadaye niliambiwa kwamba alikuwa kwenye mazungumzo ya mtandaoni na vijana maelfu, na jibu langu alilisoma mle mle. Kipindi changu kikubwa kuliko vyote maishani, na nilikifundisha nimevaa kikoi.

Mkumbuke kilichokuwa kikifanyika siku zile. Vijana waliuchukua mswada wa Kiingereza cha mawakili, wakauvunja kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kikuyu, kwa Kijaluo, kwenye TikTok na kwenye X, mpaka muuza mandazi akajua ni ukurasa gani unamhusu. Hiyo ndiyo kazi ambayo vifungu vya 98 hadi 101 vilitaka ifanywe na ofisi zenye bajeti, magari na viyoyozi. Ilifanywa na watoto kwa bando la shilingi hamsini.

Tarehe 25 wabunge 195 wakaupitisha kwa mara ya tatu, 106 wakaupinga. Siku hiyo risasi zililia nje ya Bunge, na wapo wazazi waliozika. Tarehe 26 Rais akakataa kuuidhinisha, akaurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe. Baada ya hapo nikawasikia viongozi, wa pande mbalimbali, wakisema vijana wale walipotoshwa, hawakuuelewa mswada, wanahitaji elimu ya uraia.

Nataka nilijibu hilo kwa heshima. Ukitafuta wasioelewa, anzia kwa mtu aliyeupigia kura mswada bila kuusoma. Na ukisema elimu ya uraia ni dawa ya kuwatuliza watu, hiyo si elimu, ni panadol. Mimi wale vijana siwapi A zote. Wapo waliochoma mali ya watu, na huo si uraia wowote. Wengi pia hawakuwa wamejiandikisha kupiga kura, na niliwaambia hivyo. Lakini yule wa C ya kati, aliyelala darasani kwangu, alikuwa ameamka. Alilolihitaji ni sababu ya kuuliza.

Hapa niseme kidogo juu ya lenyewe neno. Raia, walimu wa dini watanisahihisha, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni walio chini ya mchungaji, wanaochungwa. Na katika Kiswahili chetu cha kila siku raia ni mtu asiye polisi: raia alipigwa, raia walikimbia. Mwambie mtu wa kijijini kuna elimu ya uraia, atadhani mmeleta mambo ya vitambulisho. Kumbe tuna neno letu wenyewe, mwananchi. Mwana wa nchi. Na mwana ni mrithi. Hapa Pwani hakuna asiyejua mirathi. Mzee akifa, warithi wanakaa mkekani, msimamizi anataja mali yote mbele yao, minazi mingapi, deni kiasi gani, na hata yule binti mdogo kabisa akiuliza "na ule mnazi wa kule bondeni?" hakuna anayemwambia hilo si la leo. Ana fungu lake. Tukimfundisha mtoto kwamba yeye ni mrithi wa Kaunti ya Kilifi, kitabu cha bajeti hakitamtisha. Atakisoma kama anavyosoma hesabu ya mirathi, akitafuta mnazi wake.

Na hilo linanirudisha kwa mama yangu wa samaki, maana sikuwaambieni yote.

Nilipofika nyumbani siku ile nilishindwa kula. Nikakitafuta kile kitabu cha makadirio, nikakipata baada ya kusumbuana na ofisi mbili. Nikasoma tena Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Na nikagundua kitu ambacho kiliniuma zaidi: yule mwanafunzi wangu alikuwa amesema nusu ya ukweli bila kujua. Kalenda ya bajeti ni hivi. Kaunti hutakiwa kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge lake kabla ya tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa sera ya fedha, mwisho wa Februari. Makadirio yenyewe, tarehe 30 Aprili. Kupitishwa, kabla ya mwaka wa fedha kuisha tarehe 30 Juni. Sisi tuliitwa mwezi wa Mei. Chakula kilikuwa kimeshapikwa, tunaulizwa kama chumvi inatosha. Bunge la kaunti lilikuwa bado na nafasi ya kurekebisha, kwa hiyo swali la mama lilikuwa la siku ile. Lakini kwa kweli lilikuwa la Agosti, wakati mpango unaandikwa, wakati paa la chekechea lingeingia kama mstari mmoja na kiasi chake.

Hakuna aliyemwambia mama kuhusu Agosti. Hata mimi sikuwa nimewahi kumfundisha mtu Agosti. Mtihani haujawahi kuuliza.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Gredi ya 7 hadi ya 9, nalo halihitaji semina wala fulana. Muhula wa pili, chukueni mpango wa maendeleo wa kaunti. Ni waraka wa umma, msikubali kuambiwa vinginevyo. Itafuteni wadi yenu humo. Watoto wasome mistari ya wadi yao, watoke waende kuviangalia vitu hivyo kwa macho: kisima kilichoandikwa kipo? Taa ya soko inawaka? Warudi waandike kwa Kiswahili walichokikuta. Mkifanya hivyo mwezi wa Julai, Agosti mtakuwa na jambo la kupeleka, na Masomo ya Jamii yatakuwa yamekutana na hesabu, na Kiswahili, na kutembea kwa miguu ambako watoto wa siku hizi wanakuhitaji.

Maafisa, kwenu ni dogo zaidi. Mkiwaita watu, andikeni kurasa nne za Kiswahili juu ya wadi hiyo peke yake, na kikao kiwe saa kumi alasiri baada ya samaki kuuzwa. Kitengo cha elimu ya uraia mnacho kwenye muundo wa kaunti. Kipeni mtu, na huyo mtu apewe pikipiki.

Na kuhusu uchaguzi wa Agosti 2027 sitasema mengi. Wenye magari yenye vipaza sauti wataanza kufundisha muda si mrefu, wala hawahitaji kualikwa.

Nimalizie habari ya paa. Niliketi na mama yule na watoto kumi na wawili wa Gredi ya 8 wa shule ya jirani, chini ya mwembe ule ule. Wao ndio walioandika, mimi nilishika Sheria ya Serikali za Kaunti tu. Kifungu cha 88 kinampa mwananchi haki ya kuiandikia kaunti ombi juu ya jambo lolote lililo chini yake. Cha 89 kinaitaka kaunti ijibu bila kukawia. Wakabishana nusu saa kama waseme "tunaomba" au "tunataka". Msichana mmoja akashinda kwa kusema kwamba mirathi haiombwi, wakaandika "tunataka kujua". Wakapima paa kwa kamba, wakahesabu mabati, wakauliza bei dukani, wakaambatanisha. Mama akatia sahihi ya kwanza, kwa kidole gumba, kisha watu 143 wa kijiji.

Tuliipeleka tarehe 11 mwezi uliopita. Ikapigwa muhuri mapokezini, nakala ninayo hapa, mnaiona. Jibu bado. Watoto wananiuliza kila nikipita, na yule msichana ameniambia anahesabu siku nyuma ya daftari lake.

Sasa, kwenye ratiba naona chai ni saa nne na nusu. Yule mwanafunzi wangu wa A, nimemwona kaketi safu ya tatu, anajifanya anaandika. Mwanangu, sijakasirika nawe, kosa ni la mwalimu. Njoo unione hapo nje kwenye chai, unionyeshe mlango wa ofisi ambayo barua hii imelala.

Ahsanteni.